Kitabu Kinene cha Jumatano

Karatasi ya orodha bado ninayo. Ni nusu ya karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, na kwenye mkunjo mmoja wino umesambaa kwa sababu siku moja niliishika nikiwa natapika. Ina vitabu kumi na viwili. Kumi na kimoja vimepigwa mstari. Nataka kueleza vilipigwaje mstari, na kwa nini kimoja kimebaki, kwa sababu najua asubuhi hii kuna mtu amekaa kwenye benchi la kliniki, ana kadi mkononi na kitabu mkobani, na hajui kile kitabu atakifanyia nini.

Sisi tunaoandika na kusoma hapa Dodoma si wengi. Tunakutana Jumamosi nyuma ya duka la fotokopi la rafiki yetu Baraka, watu tisa au kumi, wengine wanafunzi wa chuo, wengine watumishi wa ofisi za serikali kama mimi. Kila mwaka mvua zikishakatika, mwezi wa tano, kila mmoja anaandika orodha yake ya kiangazi. Kiangazi chetu ni kirefu. Tangu uwele unapovunwa mpaka mvua ya kwanza ya mwisho wa mwaka hakuna kinachoshuka kutoka angani isipokuwa vumbi, na tulikubaliana zamani kwamba mtu asiyejipangia vitabu atakivuka kiangazi kwa umbea mtupu. Unasimama, unaisoma orodha yako kwa sauti, wenzako wanaicheka, kisha nakala yake inabandikwa ukutani juu ya mashine. Chini ya orodha zote kulikuwa na sheria moja niliyoiandika mimi kwa wino mwekundu: anayesimulia mwisho wa kitabu atakuwa wa mwisho kuazima, mwaka mzima.

Nilikuwa mkali kwa sheria hiyo kuliko wote. Nilikuwa nimetoa riwaya moja, ndogo, na niliamini kwamba anayetaja mwisho amemwibia mwandishi na msomaji kwa mpigo mmoja. Niliwahi kumfukuza mwanafunzi wa watu kikaoni kwa kosa hilo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kitabu chenyewe kilikuwa kibovu.

Mwaka ule niliandika orodha yangu nikiwa na plasta shingoni. Uvimbe ulikuwa umeanza Januari, mdogo kama punje ya karanga, nikadhani ni jino. Kufika Machi ulikuwa umepata wenzake. Walinikata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, na majibu yalikaa wiki tatu, wiki ambazo sitazieleza kwa sababu aliyewahi kuzisubiri anazijua na asiyezijua nampenda mno hata sitaki kumwambia. Daktari alikuwa kijana, alikuwa na aibu. Akasema ni saratani ya tezi. Akasema dripu kumi na mbili, kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano.

Nilisikia neno moja tu, kumi na mbili. Njiani kurudi nyumbani Nkuhungu nilikuwa nikihesabu vitabu. Dripu moja, kitabu kimoja. Nilijiona mjanja, kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua akakumbuka kwamba ana ndoo.

Jumamosi nikasimama kuisoma.

"Mbona umeipa tarehe?" Baraka aliuliza. "Hii orodha au ratiba ya treni?"

Nikawaambia. Hakuna aliyecheka tena. Mashine ilikuwa ikitoa nakala za fomu za mtu, ikaendelea kuzitoa, karatasi baada ya karatasi, na sote tukaitazama kama vile ina la kusema.

Chumba cha dripu kina viti kumi na vinne, vya kuegemea nyuma, vya plastiki ya kijani. Dirisha lake linatazama sehemu ya kuanikia mashuka. Unafika saa moja asubuhi, unatolewa damu, unasubiri majibu ya damu, unasubiri daktari aandike, unasubiri dirisha la dawa, na saa tano ndipo unapata kiti. Katika dawa nne nilizopewa moja ilikuwa nyekundu, na wagonjwa wote waliiita mvinyo. Sisi ni watu wa zabibu, utani hautuishi. "Mvinyo wangu umeiva, sista?" wazee walikuwa wakiuliza, na manesi walijibu kwamba bado uko kwenye pipa. Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilipouona tu ule wekundu ukishuka kwenye mrija, mdomo ulijaa mate ya chuma.

Siku ya kwanza nilikuwa na kitabu cha mashairi. Nilisoma ubeti mmoja mara ishirini. Haikuwa maumivu. Macho yalifika mwisho wa mstari, na nilipogeuka kuangalia nyuma, mwanzo wa mstari ulikuwa umeondoka. Nyumbani ikawa hivyo hivyo. Mtu ambaye tangu darasa la tatu alikuwa akisoma hata karatasi za kufungia maandazi alikaa kitandani na kitabu kifuani kama kipande cha ubao.

Nywele zilitoka siku ya kumi na mbili, kwenye mto, kimya kabisa. Ulimi ukapata vidonda. Kucha zikaanza kuwa nyeusi kutokea shinani. Lakini nakuambia ukweli, hayo yote niliyaona kama mambo ya mwili, na mwili ulikuwa tayari umeshanisaliti. Nililolilia ni mistari. Nilichukua orodha nikaanza kuvipiga mstari vitabu vinene, kimoja kimoja, na mahali pake nikaweka kando ya kitanda vijitabu vyembamba, vya kurasa sitini, themanini. Nilijiambia ni kwa sababu ya uchovu.

Mama yangu anauza karanga sokoni. Kiswahili alijifunza ukubwani. Nyumbani tunaongea Kigogo, na vitabu hasomi. Jioni moja kabla ya dripu ya pili alikuwa akinipangia mkoba, akaviona vile vyembamba. Akakichukua kimoja, akakipima mkononi akikipandisha na kukishusha, kama anavyopima karanga kabla hajaziweka kwenye mizani.

"Nyemo. Hivi vyepesi umevichagua mwenyewe?"

"Ndiyo mama. Vinatosha."

Akasema, "Mtu akifunga chakula kidogo hivi cha njiani, anajua haendi mbali."

Hakuna daktari aliyewahi kunisoma vile. Nikageukia ukuta. Sikuwa nimelisema hilo kwa mtu, hata kwangu mwenyewe. Nilikuwa nachagua vitabu ambavyo ningeweza kuvimaliza kabla sijamalizika.

Asubuhi, nikiwa tayari nimekaa kwenye benchi la kliniki, nikafungua mkoba nikakuta mama ameondoa kijitabu changu. Badala yake ameweka kile kinene kuliko vyote, kurasa mia tatu na kumi na mbili, riwaya ya mwandishi mmoja asiyejulikana sana aliyeichapisha kwa nguvu zake. Nilikuwa nimeipanga mwisho wa orodha, nikisema nitaisoma nikipona. Mama aliichagua kwa uzito tu.

Siku hiyo ndipo nilipokutana na harufu ya samaki. Nilikuwa nimekwisha kuwekwa kanula mshipani, na kwenye kiti cha jirani akaja kuketi mama mmoja mwembamba wa miaka hamsini na kitu, na harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi ikaja naye, nzito, ikanipanda puani hadi kwenye utosi usio na nywele. Nikatapika kwenye beseni, na matone yakaifikia orodha iliyokuwa mkononi.

"Mama, jamani," nesi alisema, "mfuko wa samaki unaingia nao huku?"

"Mfuko gani, sista? Ni mimi," yule mama alijibu. "Nimebanika samaki bwawani Mtera miaka thelathini. Hata mkinichemsha kwa magadi nitanuka hivi hivi. Mkinizika, kambale watanifuata." Kisha akanigeukia. "Pole, mwanangu. Nihame?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na hilo tofali la nini? Unajenga?"

"Ni kitabu."

"Kinasema nini?"

Nikamwambia ukweli, labda kwa sababu alikuwa ameshaona matapishi yangu. Nikamwambia sijui kinasema nini, siwezi tena kusoma, maneno yananiponyoka.

"Basi yasome kwa sauti," akasema. "Yakikuponyoka nitayadaka mimi."

Nilianza kwa kumwonea aibu. Nikasoma sentensi ya kwanza, ya pili, na sijui kilichotokea, wataalamu watajua, mimi sitaki kujua, ila sauti ilinifanyia kile macho yalichoshindwa. Neno nililolitamka halikuondoka. Lilikuwa limefika kwa mtu. Tulisoma kurasa ishirini na nane mpaka dripu yangu ikaisha. Kama uko kwenye kiti kile leo na kitabu kimekuwa ubao mikononi mwako, jaribu hilo. Msomee mtu. Hata kama ni tangazo lililo ukutani.

Jina lake Mama Lea. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, ila wake ulikuwa umekaa miaka miwili kabla hajafika hospitali. Alikuwa ameupeleka kwa mganga mmoja ng'ambo ya bwawa, halafu kwa mwingine, halafu ulipomzuia kumeza ndipo binti yake Lea alipombeba. Alisimulia hayo bila kujutia. "Nilikuwa na samaki wa kubanika," alisema. "Ukiwaacha siku moja wanaoza."

Kitabu kilikuwa kinamhusu dada mmoja anayemtafuta kaka yake. Kaka alikwenda kazini kwenye reli, akaandika barua mbili, akanyamaza. Dada anashuka kituo baada ya kituo akiuliza. Hakuna zaidi ya hapo, ni vituo na watu wa vituoni. Usiku ule niliporudi nyumbani nilipiga hesabu: zimebaki kurasa mia mbili themanini na nne, zimebaki Jumatano kumi. Kurasa ishirini na nane kila Jumatano, na chache za nyongeza siku ya mwisho. Kitabu kingeisha siku ile ile dripu ya kumi na mbili itakapoisha. Niliichukua hesabu hiyo kama ahadi. Sikumwambia mtu, lakini ndani yangu niliweka mkataba: nisipokivusha kitabu mbele ya muda wake, nami sitavushwa mbele ya muda wangu. Niliifuta orodha yote iliyobaki. Kikabaki hicho.

Juni ilikwisha, upepo wa baridi ukaja, ule unaokausha midomo. Ulimi wangu ulikuwa umechubuka kiasi kwamba chakula pekee kilichopita ni ugali laini wa uwele na mlenda, kwa sababu mlenda hauhitaji kutafunwa, unateleza wenyewe ukitafuta njia. Mama aliupika asubuhi na jioni bila kunung'unika. Dripu ya tano ilichelewa wiki nzima, damu ilikuwa imeshuka, yangu na ya Mama Lea. Nilirudishwa nyumbani na kadi yangu, nikalia njiani kama mtu aliyefelishwa.

Jioni hiyo kaka yangu Daudi aligombana na mama uani. Daudi ananizidi miaka minne na anaishi nasi, chumba cha pili. Tangu nywele zangu zitoke hakuwa ameingia chumbani kwangu. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akauliza "Umeamkaje?" akitazama kitasa, akaondoka.

"Mnamwua na madawa na hayo madaftari," nilimsikia akisema. "Twende naye Bahi kwa bibi. Aombewe, apumzike."

"Aende na nani?" mama alijibu. "Na wewe? Wewe hata kizingiti chake huwezi kukivuka. Utambebaje mpaka Bahi?"

Kisha nikasikia pikipiki ikiwashwa. Tangu siku hiyo Daudi hakufika hata mlangoni. Ila kila Alhamisi, siku moja baada ya dripu, nilipofungua mlango nilikuta chini chupa ya chai, na ndani si chai, ni vipande vya barafu vya kufyonza, dawa pekee iliyowahi kutuliza ulimi wangu. Hakuna aliyesema ni nani aliyeiweka. Tulikuwa ua mmoja, paa moja, na miezi minne sikuuona uso wake.

Jumatano iliyofuata nikiwa nasoma, dada wa kitabuni yuko kwenye kituo fulani anamweleza mkata tiketi sura ya kaka yake, sauti yangu ilikatika.

"Una kaka?" Mama Lea aliuliza.

"Ninaye."

"Yuko mbali?"

"Chumba cha pili."

Hakucheka. Alinyoosha mkono wenye kanula, polepole, mrija usivutike, akashika ukingo wa kitabu. "Endelea," akasema. "Kule nyumbani wananisubiri. Wajukuu wanataka kujua kama yule mkata tiketi ana mke."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Kila Jumatano alikuwa akizibeba kurasa zangu hadi Mtera, na jioni alizisimulia pale wanapobanika samaki, kwa Lea na wajukuu na majirani waliokuja kuomba moto. Alirudi na maswali yao na hukumu zao. Jirani mmoja alisema yule dada ni mjinga, angeolewa. Mjukuu alitaka kaka awe ameliwa na simba. Mimi niliyekuwa nimeuza nakala chache za riwaya yangu na kujiita mwandishi sikuwahi kuwa na wasomaji kama wale. "Haya, mwandishi," Mama Lea alisema kila alipoketi, kabla hata nesi hajamtafuta mshipa, "tulimwacha wapi?"

Agosti Mama Lea akaanza kupungua. Nilimwona na sikutaka kumwona. Sisi wa chumba kile tulijua kutazamana kwa pembeni. Kitenge alichojifunga kilimzunguka mara mbili, kisha karibu mara tatu. Dripu ya nane alisinzia nikisoma, nami nikasinzia, na nilipoamka nikamkuta ananiangalia. Macho yake yalikuwa ya njano.

Dripu ya tisa ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, zabibu zikivunwa, na mtu alikuwa ameleta sinia la zabibu chumbani ingawa wengi wetu hatukuweza kuzila. Mama Lea alichukua moja akaishika tu. Hakuuliza tulimwacha wapi.

"Mwandishi," akasema, "leo ruka."

"Niruke nini, mama?"

"Nenda mwisho. Nisomee anampata au hampati."

Nikacheka. Nilicheka, naandika hapa. Nikasema, "Mwisho haurukiwi, mama. Kwenye kikundi chetu ukitaja mwisho unapewa adhabu, na sheria niliiandika mimi. Halafu zimebaki Jumatano tatu tu."

"Zako," akasema.

Alisema kwa upole, kama mtu anayekurekebishia kola. Jumatano tatu zako. Niliisikia. Si kwamba sikuisikia. Nilielewa alichoniambia, na katika dakika ile ile nikaufikiria mkataba wangu, kurasa ishirini na nane na ishirini na nane, na nikaogopa. Niliogopa kwamba nikifungua ukurasa wa mwisho leo, kitu kitafunguka ambacho kilikuwa kimefungwa kwa ajili yangu. Kwa hiyo nikajificha nyuma ya sheria ya wasomaji. Nikamwambia, "Utauharibu utamu, mama. Vumilia."

Akanitazama kidogo. "Sawa, mwanangu. Soma basi pale tulipofika."

Nikasoma kurasa zangu ishirini na nane. Tukaishia ukurasa wa mia mbili ishirini na nne. Kabla hajaondoka alinipa namba ya simu ya Lea, nikaiandika ndani ya jalada la nyuma, nami nikampa yangu.

Dripu ya kumi kiti chake alikalia mzee mwenye redio ndogo. Nikamuuliza nesi. "Mama wa samaki? Ameruhusiwa nyumbani," akajibu, na alikuwa akifungua plasta na meno, hakuniangalia. Ukikaa muda mrefu mahali pale unajifunza aina mbili za kuruhusiwa nyumbani.

Namba nilikuwa nayo. Ningeweza kupiga simu jioni ile ile, nikamsomea kurasa tatu za mwisho kwa sauti, isingechukua hata dakika kumi. Nilijilaza. Nilikuwa natapika, ni kweli. Nilisema nitapiga nikipata nguvu, nitampelekea kitabu chote mara moja, na huo mwisho ukiwa mahali pake. Mchana wa siku ya tisa simu ikaita, namba isiyo na jina. Sauti ya mwanamke ikasema, "Ni Lea wa Mtera. Mama ametutoka jana."

Nilipewa dripu ya kumi na moja na ya kumi na mbili bila kitabu. Niliutazama mrija. Daktari alisema mwili umeitikia vizuri. Siku ya kutazama picha za kipimo, mwezi wa kumi na moja, joto lilikuwa kali kiasi kwamba lami ilinata, naye akaniambia, "Kwa sasa hakuna kinachoonekana." Watu wanadhani sentensi ile inakufanya uruke. Mimi niliomba aniandikie tarehe ya kurudi, nikatoka, nikakaa kwenye benchi lile lile kama mtu aliyekosea njia. Mkataba ulikuwa umetimizwa upande mmoja tu.

Daudi aliingia chumbani jioni hiyo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika chupa ya chai tupu, akaizungusha. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, laini kama za kifaranga, akazigusa kwa kidole kimoja akasema, "Unafanana na bibi." Hilo nalo ni la kuwekwa kwenye hesabu.

Lea alikuja mwezi wa pili, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Alikuwa rika langu, na aliponikumbatia ile harufu ya moshi ikanijaa kifuani na sikutapika. Alileta kambale wawili wakavu wamefungwa kwenye gazeti. Mama akampokea, akamwekea kigoda jikoni, tukakaa watatu.

"Nimekuja kukushukuru," Lea akasema. "Kwa ile siku ya mwisho."

"Siku gani?"

"Aliyorudi kutoka kwa dripu yake ya mwisho. Alikuwa hawezi kukaa, tukamlaza pale pale nje, wote wakaja. Wakamwambia, bibi, leo wamefika wapi? Akasema, leo tumemaliza. Akasema, nilimwomba mwandishi aruke, akaruka. Alinisomea mpaka neno la mwisho."

Mama yangu alikuwa akichambua mlenda. Mikono yake ikasimama.

"Akawasimulia?" nikauliza.

"Wote. Alisema yule dada hakumpata kaka yake. Alifika kituo cha mwisho kabisa, reli imekwisha, mbele ni majani tu. Akarudi nyumbani. Akafagia, akapika, akaweka sahani mbili, akakaa kula. Hakulia. Akawa anaongea tu kama mwenzake yupo. Basi. Watoto walichukia, walitaka simba. Mama akawaambia, mimi sikukiandika, kimeandikwa hivyo." Lea akatabasamu, akafuta uso kwa upande wa kiganja. "Sasa kila jioni tunamwekea sahani. Ndugu wanatusema. Ndivyo kilivyoandikwa, eti?"

Kitabu kilikuwa rafuni chumbani, hatua sita kutoka pale. Kijiti cha kibiriti nilichowekea alama kilikuwa bado kwenye ukurasa wa mia mbili ishirini na nne.

"Ndivyo," nikasema.

Tumeanza kiangazi kingine. Jumamosi iliyopita nilikwenda nyuma ya duka la Baraka, nikakaa karibu na mlango kwa sababu bado nachoka haraka. Wenzangu walisoma orodha zao. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikaibandua ile karatasi ya wino mwekundu ukutani, nikaikunja nikaitia mfukoni. Baraka akaniuliza orodha yangu iko wapi. Nikamwambia sina mwaka huu.

Wewe uliye kwenye benchi, panga yako. Ipange hata kama unaona ni upuuzi, na uweke ndani yake kitabu kinene kimoja usichokuwa na haki ya kukitumainia. Fyonza barafu. Kula mlenda. Lakini kama aliyekaa kiti cha pili atakuomba mwisho, usimwekee sheria, usimwambie Jumatano zimebaki ngapi. Fungua nyuma ya kitabu umsomee, saa hiyo hiyo.

Kurasa themanini na nane sijazisoma. Naogopa kwamba kitabuni dada atakuwa amempata yule kaka. Jioni ile Lea alipoondoka, mama alinifuata chumbani akauliza, "Kwa hiyo ndivyo kinavyoisha?"

"Sijui, mama."

Hakunilaumu. Alikitoa rafuni, akakipandisha na kukishusha mkononi, polepole, kisha akakirudisha mahali pake.

"Bado kizito," akasema.